Muvi bora za 2023: orodha ya kutoka Mwanjelwa, sio Mlimani City

Iringa, Jumapili usiku

Kimya changu kimesababishwa na vitu viwili, testi na baridi. Testi zimeisha juzi. Baridi haijaisha, wenyewe mnaijua Iringa ya mwezi wa sita, unanawa uso asubuhi unahisi umezabwa kofi. Basi leo nimejifunika blanketi, chai ya tangawizi pembeni, rumeti anakoroma, na mimi nina deni la kulipa. Deni lenyewe lina miaka zaidi ya miwili.

Ni hivi. Desemba 2023 nilikuwa mwaka wa kwanza, bado mgeni hata njia ya kwenda kafeteria naulizia. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye advance, yeye alipata chuo Dar, akanitumia orodha yake ya muvi kumi bora za mwaka. Zote kumi kaziangalia ukumbini pale Mlimani City, kiti cha kulala, bisi za kwenye ndoo. Kila muvi kaipa nyota, kaichambua kama profesa. Mwisho kabisa akaandika: "Kama hujaziona hizi, ndugu yangu, mwaka umekupita."

Jamani, ile sentensi iliniuma. Niliisoma mara tatu. Katika kumi zake mimi nilikuwa nimeona moja, tena nusu. Nikataka kumjibu palepale, nikashindwa, maana ningemjibu nini? Sikuwa na orodha. Mwaka ulikuwa kweli umenipita, kwa hesabu zake.

Leo nina orodha. Nimechelewa? Hapana. Zilizochelewa ni muvi. Na hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, naomba mnisikilize mpaka mwisho: muvi haina mwaka mpaka ifike. Ile tarehe ya kutoka ni tarehe ya wenye kumbi. Sisi wa Mwanjelwa, wa Kihesa, wa Makambako na Chimala tuna tarehe ya kufika. Na orodha yoyote ya muvi bora ambayo mwandishi wake hasemi aliziona wapi, kwa shilingi ngapi na kwa lugha gani, hiyo ni orodha ya kujisifu tu, haina tofauti na mtu kupiga picha na gari la jirani.

Kwa hiyo mimi sheria zangu ni tatu. Kwanza, nitasema niliionea wapi. Pili, nitasema nililipa nini. Tatu, sitatoa nyota, nitatoa namba, na kila namba nitaitetea. Tunaanza chini kwenda juu.

NAMBA 5: FAST X

Niliionea kibanda umiza kimoja Mwanjelwa, likizo, jero (mia tano). Hii ni ya kumi katika zile muvi za magari za kina Vin Diesel. Kuna bomu kubwa la duara linabingirika katikati ya jiji la Roma kuelekea Vatikani, magari yanalikimbiza, kibanda kizima kimesimama. Adui ni Jason Momoa na alinichekesha sana, anaua watu huku anajipodoa. Mpaka hapo poa.

Sasa tatizo. Muvi haina mwisho! Stelingi na mtoto wake wako chini ya bwawa, adui analilipua lile bwawa, halafu majina yanaanza kupanda. Kuna kijana mmoja mkata miwa alisimama akamuuliza mwenye kibanda, "Bosi, ndo basi?" Akajibiwa ndo basi, subirini nyingine. Yule kijana akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa, dada zangu wanasoma. Lakini alikuwa na hoja. Ukimuuzia mtu wa Mlimani City nusu muvi, ataingoja nusu ya pili kwenye kiti kilekile. Ukimuuzia mkata miwa wa Mwanjelwa umemchukulia jero yake ukamwacha kwenye bwawa. Namba tano, na ashukuru sijampa sifuri.

NAMBA 4: JOHN WICK 4

Hii ndo ile nusu. Niliionea kwenye basi, Mbeya kuja Iringa, Oktoba 2023, siku nakuja kuripoti chuo. Kuiona nililipa nauli, kwa hiyo tuseme ni bure. Konda aliiwasha tulipotoka Uyole. Muvi ina karibu masaa matatu, nikasema safi, Makambako hii hapa. Keanu Reeves anapiga watu Japani, anapiga watu Ujerumani, Donnie Yen kipofu lakini anapigana kuliko wenye macho. Wazee wenye magunia yao ya viazi wanaangalia, mama mmoja mbele yangu anafumba macho kila risasi ikilia.

Tukafika pale Paris kwenye zile ngazi ndefu za kupanda kanisani. Jamaa anapanda, anapigwa, anabingirika mpaka chini kabisa, inabidi aanze upya na jua linakaribia kuchomoza. Palepale basi likasimama, abiria tukachimbe dawa. Kurudi, yule mama alikuwa ameshaongea na konda kuhusu haya mauaji mbele ya watoto. Ikawekwa kwaya. Kwaya nzuri tu, siisemi vibaya, lakini mimi nilifika Ipogoro sijui kama yule bwana alimaliza ngazi au laa. Nilikuja kumalizia miezi mingi baadaye kwenye flashi ya mtu.

Kwa nini namba nne? Kwa sababu ile picha ya mtu anayesukumwa chini ngazi zote halafu anaanza tena kupanda ilikaa kichwani mwaka wa kwanza mzima. Nilipopata sapu ya kwanza niliikumbuka. Muvi iliyokatwa na kwaya bado ikanisaidia. Hilo si jambo dogo.

NAMBA 3: OPPENHEIMER

Hosteli, laptopu ya mchizi wa fizikia, wanaume watano kitanda kimoja. Gharama yake: kila mtu alichangia mia mbili ya karanga. Masaa matatu, ya Christopher Nolan, na mwaka 2024 ilizoa Oscar saba pamoja na ile ya filamu bora. Rafiki yangu wa Dar aliiweka namba moja.

Mimi nakiri ni muvi nzito. Lakini nusu nzima ni wazee wenye suti wanabishana kwa Kiingereza cha haraka, na tulikuwa tunasimamisha kila dakika kumi kuulizana, "Huyu nani tena?" Halafu tukafika kwenye lile jaribio la bomu, Julai 1945, jangwani New Mexico. Wanahesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane... umeme ukakatika. Na laptopu ya yule jamaa betri yake ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa chaja. Giza. Tukabaki tumekaa kama majuha. Bomu letu lililipuka kesho yake saa nane mchana.

Sasa hoja yangu kama mtu wa History. Mle ndani kuna chombo cha kioo wanatia gololi kidogo kidogo kuonyesha madini waliyokusanya. Gololi zinaongezeka, muvi inaendelea. Hakuna anayesema madini yenyewe yalichimbwa wapi. Madini mengi ya urani ya kazi ile yalitoka Shinkolobwe, Katanga, Kongo hapo jirani, yakachimbwa na mikono ya Wakongo. Masaa matatu, Mkongo hata mmoja hatajwi! Mpaka jina la kila mwanasheria nimelijua, lakini mchimbaji ni gololi. Ndo maana namba tatu na sio namba moja. Na sisi wa kusini tusijifanye hayatuhusu, pale Mto Mkuju, Namtumbo, kuna urani vilevile. Siku moja na sisi tutakuwa gololi kwenye muvi ya mtu.

NAMBA 2: BARBIE

Msicheke. Nimesema msicheke! Hii niliiona kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, amepanga Soweto kule Mbeya. Tulikuwa na shangazi na mabinti wengine watatu, mimi mwanaume peke yangu, na nililipa kwa kumenya viazi. Greta Gerwig ndiye kaiongoza, na ndiyo iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani mwaka ule. Vijana wa hosteli wote waliisema vibaya na hakuna hata mmoja aliyeiona.

Inaanza na vitoto vya kike jangwani vina midoli ya watoto wachanga, vinailea lea tu, mpaka anatokea Barbie mkubwa kama mnara, na vile vitoto vinaanza kupasua midoli yao. Pale shangazi akasema, "Afadhali wao walipewa midoli." Tukacheka. Halafu dada akasema taratibu, "Mimi mdoli wangu wa kwanza ulikuwa gunzi la mahindi. Wa pili alikuwa mdogo wangu, wa kweli, mgongoni, nina miaka saba." Hakuna aliyecheka tena. Yule mdogo wake yupo chuo sasa hivi. Yeye dada aliishia la saba.

Kuna mahali mama mmoja mle ndani anaongea kwa muda kuhusu jinsi ilivyo kazi kuwa mwanamke, ufanye hivi usifanye vile. Dada alinyoosha mkono akaomba tumtafsirie. Nikamtafsiria vibaya vibaya, nikakwama mara mbili. Akasema, "Inatosha, nimeelewa, hayo nayajua." Mimi muvi inayomfanya dada yangu aseme kitu ambacho hajawahi kusema miaka ishirini, naipa namba mbili na sijali nani atanicheka kafeteria.

NAMBA 1: JAWAN

Sasa hapa ndo ugomvi. Naijua sura ya rafiki yangu akisoma hii. Muvi ya Kihindi! Tena ya kutafsiriwa! Tena kibanda umiza! Ndiyo. Mwanjelwa, benchi la mbao, jero, watu kama sitini, harufu ya sambusa na matope ya viatu.

Ni ya Shah Rukh Khan, kaiongoza Atlee, ilitoka Septemba 2023. Shah Rukh anacheza baba na mwana. Mwana ni mkuu wa gereza la wanawake, halafu usiku anatoka na wafungwa wake wanateka treni Mumbai. Hawataki pesa zao. Wanataka madeni ya wakulima yalipwe. Kuna binti pale ambaye baba yake alikuwa mkulima, alikopa trekta, mavuno yakagoma, watu wa benki wakaja kumdhalilisha mbele ya familia, mzee akajiua. Na Shah Rukh anauliza swali moja tu: kwa nini mkopo wa trekta una riba kubwa kuliko mkopo wa gari la kifahari?

Wadau, kibanda kilikaa kimya. Kimya kile cha msibani. Sio watu wa mjini waliokuwa mle, walikuwa wamo waliotoka kuuza mpunga wa Igurusi, wamo waliokopa mbolea ile 2021 na 2022 ilivyopanda bei mpaka watu wakapanda mahindi bila kitu. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo tu, "Huyo ni mimi, ila mimi bado nipo." Sitasahau. Baadaye kuna daktari ambaye hospitali yake haina mitungi ya oksijeni na watoto wanamfia mikononi, na mwisho kabisa kuna hotuba, jamaa anawaambia watu: mkinunua kitu kidogo mnauliza maswali, mbona mnapotoa kura hamuulizi? Sitii neno langu hapo, mmeelewa.

Ina makosa? Mengi kinoma. Nyimbo zinaingia katikati ya mauaji, stelingi anapigwa risasi hafi, baba na mwana wanalingana umri. Lakini Oppenheimer ilinipa maarifa kuhusu watu wenye bomu, na Jawan iliwapa watu sitini wa Mwanjelwa nafasi ya kujiona wenyewe. Mimi nasomea ualimu. Nikiambiwa nichague somo lililoeleweka na watano na somo lililoeleweka na sitini, sihitaji kikao.

NA HAPO NAOMBA NISEME KUHUSU MUVI ZA KUTAFSIRIWA

Maana kuna ugonjwa hapa chuoni. Mtu kaja juzi kutoka kijijini kwao, kakulia kibandani kama mimi, lakini akishapata bumu la kwanza na laptopu anaanza, "Mimi siwezi kuangalia muvi za ma-DJ, za washamba." Washamba! Jawan yenyewe ni ya Kihindi, na huko huko India ilitolewa imeingizwa sauti za Kitamil na Kitelugu kwa watu wa kusini yao. Mamilioni waliiona hivyo na hakuna aliyewaita washamba. Kusini yao inatafsiriwa kwa heshima. Kusini yetu ikitafsiriwa ni kichekesho.

Watu kama Lufufu walifanya kazi hii miaka ya 2000, mtu mmoja na maikrofoni, anakuwa stelingi, adui, mama mkwe na mbwa. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo wao kwa Kiganda. Hii ni fasihi simulizi, wasomi wenzangu! Tunaandika insha za kurasa kumi kuhusu fanani na hadhira, halafu fanani akiwa hai na hadhira ikiwa imelipa jero tunakimbia. Yule DJ wa Jawan niliyemsikia mimi, ile sehemu ya trekta, alisema, "Mzee kachukua trekta kwa mkataba, kama mnavyochukua bodaboda." Kibanda kizima kikaguna. Niambie ni kitabu gani cha mbinu za ufundishaji kinakufundisha kutoka kwenye kinachojulikana kwenda kwenye kisichojulikana vizuri kuliko hivyo.

Ndiyo, wanaharibu pia. Wanaongea juu ya ukimya, wanaweka utani mahali pa kulia, wengine wanabuni tu. Basi tuwachambue kama tunavyowachambua waandishi. Kudharau sio kuchambua.

SASA ZILE ZISIZO NA NAMBA

Hapa ndipo panaponiuma zaidi ya ile sentensi ya Mlimani City.

Mwaka 2023 huohuo ilitoka Eonii, ya Eddie Mzale, iliyotangazwa kuwa muvi ya kwanza ya Tanzania ya sayansi ya kubuni. Ya kwetu! Sijaiona. Fast X ya Marekani ilinifikia mpaka benchi la Mwanjelwa kabla sijafikiria kuitafuta, lakini muvi ya Dar es Salaam, siku moja ya basi kutoka hapa, haijanifikia mpaka leo.

Na kuna ya zamani zaidi. Nilipoingia kidato cha tano 2021 tukapewa riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Kitabu chenyewe kilikuwa fotokopi, kurasa nyingine zimekatwa mistari ya pembeni, tunaazimana. Wale mliosoma mnaikumbuka: Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mdogo kwa Bwana Raza mtu mzima, anatoroka, anakimbilia kwa Mwajuma Ng'ambo, anakutana na Denge anayepambana na Mwingereza. Mwaka huohuo 2021, mwezi wa Septemba, mimi nikiwa nakariri wahusika na tabia zao, Amil Shivji alikuwa ameshaifanya filamu na ikaonyeshwa tamasha la Toronto, Kanada. Mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, ya pili katika historia yetu baada ya Maangamizi mwaka 2001. Wakanada wameshamuona Yasmin. Mimi nilimaliza kidato cha sita 2023 nikiwa nimemjibia maswali ya mtihani bila kumuona.

Mwaka jana nilikuwa field, mazoezi ya kufundisha, shule moja mkoani Mbeya. Kidato cha sita, fasihi, na nikaitumia riwaya hiyohiyo. Najimwaga ubaoni, maudhui, fani, migogoro. Binti mmoja nyuma akanyoosha mkono: "Sir, eti kuna muvi yake?"

Nikasema ipo.

"Ikoje?"

Wadau, nilisimama pale na chaki mkononi. Ningeweza kudanganya. Wanafunzi arobaini wananiangalia, mwalimu wa kutoka chuo kikuu. Nikasema, "Sijaiona." Yule binti akaandika kitu kwenye daftari, sijui hata aliandika nini, na akainama. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alifanya kama mtu aliyezoea kuambiwa kwamba vitu vizuri vipo, ila sio hapa.

Hapo ndo nilipojua kwamba sentensi ya rafiki yangu haikuwa ya kwangu peke yangu. Mwaka ulimpita na yule binti, na hakuna aliyemuuliza.

NAJUA MTASEMA NINI

Mtasema, "Si ipakue tu Telegram?" Nakiri hadharani: karibu kila nilichokiona hapo juu ni cha wizi. Kibanda hakilipi mtu, flashi haimlipi mtu, basi halimlipi mtu. Mimi mwalimu mtarajiwa nimeangalia mali ya wizi na karanga mkononi. Sijivuni.

Lakini tazameni huo wizi unafanyaje kazi. Unaleta kilicho kikubwa na kinachotafutwa na dunia nzima. Muvi ya Marekani ikiibwa, mwenyewe ameshavuna kwenye kumbi za dunia. Muvi ya Mtanzania ikiibwa amekwisha, ndo maana anaifungia Dar na kwenye matamasha, na mimi siwezi kumlaumu. Matokeo yake kijana wa Mbeya anaijua Roma ya Fast X kuliko Ng'ambo ya Vuta N'kuvute. Sisi wa huku tunafaa kukopwa tu. Mnaikumbuka Nsyuka ya Mussa Banzi, ile ya kutisha ya miaka ya mwanzo ya 2000? Neno lenyewe la Kinyakyusa, mtu aliyefufuka. Mizimu yetu ilisafiri mpaka Dar ikafanyiwa muvi. Kurudi hakuna basi.

Na mtasema, "Huku hakuna soko, hakuna kumbi." Haya, nisikilizeni mtu wa History kidogo. Mwaka 1935 Waingereza walianzisha mradi wa filamu pale Vugiri, Tanga. Walitengeneza filamu kama 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya, kuweka akiba, nyingine za kutudharau kabisa. Sitetei walichokuwa wanasema. Lakini walichukua lori, projekta na jenereta wakazunguka nalo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakatandika shuka jeupe usiku na watu wakaja. Mwaka 1935! Barabara za vumbi! Mkoloni aliyetaka kutuambia uongo aliona inafaa kuja mpaka tulipo. Leo tuna lami kutoka Dar mpaka Tunduma, na wenye kutuambia ukweli wetu wanatusubiri Mlimani City.

Kumbi zipo. Hapa Iringa kuna Mkwawa, kuna RUCU, kuna Chuo Kikuu cha Iringa. Mbeya kuna MUST, kuna Mzumbe. Projekta zipo, tunazitumia kila siku kusomewa slaidi mpaka tunasinzia. Hesabu ndogo: wanafunzi 400, kila mmoja buku mbili, ni laki nane kwa usiku mmoja. Toa ya ukumbi, toa ya mafuta, gawana na mwenye muvi. Fanya hivyo vyuo vitano. Buku mbili tunaitoa kila wiki kwenye mechi ya Simba na Yanga na matokeo yakituumiza hatudai chenji. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua, kuomba ukumbi, na kumwambia mwenye muvi njoo na flashi yako mfukoni uondoke nayo mfukoni, haitaibwa.

Basi mimi nimeandika hiyo barua. Mbili, kusema kweli. Moja ya kuomba ukumbi kabla ya UE, nyingine ya kuiomba Vuta N'kuvute. Nitaziposti kesho. Nimebakiza wiki chache hapa chuoni na sitaki niondoke na digrii ya kufundisha fasihi huku nikiwa sijamuona Yasmin. Nani yuko tayari kubandika matangazo? Nani ana spika isiyokoroma? Rumeti, wewe nakujua, amka.

Na wewe rafiki yangu wa Dar, jibu lako ndo hili, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasubiri muvi zifike. Orodha yako ni nzuri. Ila mwaka haukunipita. Ulisimama Mbezi na wewe ukashuka. Safari nyingine uje nao mpaka huku, ulete na sweta.

Naomba kutoa hoja.